Joto la Beni Sebuleni

Kwa miaka mingi Omer aliendesha lori la mizigo kati ya Beni, Butembo na Kirumba, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kulalamikia baridi. Injini ilikuwa chini ya miguu yake ikimchemsha kama viazi. Ndiyo maana siku alipostaafu, akakabidhi funguo kwa mwenye gari na kurudi nyumbani kukaa kama mzee anayejiheshimu, alipata habari ambayo watu wote wa Butembo waliijua tangu kuzaliwa: mji huu una baridi.

Alivaa sweta. Juu ya sweta akavaa koti. Juu ya koti akajifunga blanketi la kitanda cha wageni, akawa anakaa sebuleni kama mzigo unaosubiri kupakiwa. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala vilimani na pikipiki za abiria zikipita na taa zimewashwa, alichungulia dirishani na kumtolea mkewe hukumu.

"Mama Bénite, hii mji hapana ya batu. Miye narudia Beni."

Beni ndiko alikozaliwa, na mama yake, Koko Thérèse, bado aliishi huko katika nyumba yake ya mabati. Lakini mkewe, Godelive, alikuwa mtu wa Luofu, kule juu kusini, ambako mtoto huogeshwa kwa maji baridi na kuzoea kabla hajaota meno. Kwake yeye baridi ya Butembo ilikuwa hewa tu. Tena alikuwa na depo ya vitenge sokoni, na wateja wa jumla waliomfuata kutoka mbali. Depo haibebwi mgongoni ikahamishwa kwa sababu ya magoti ya mwanamume.

"Rudia," alimwambia. "Utanisalimia Mama."

Omer hakurudia. Badala yake alichukua mbabula, lile jiko la makaa, akaliingiza sebuleni na kufunga milango na madirisha yote. Godelive alipotoka depo alimkuta amelegea kwenye kiti, kichwa kinamgonga, anasema anaona malori mawili yamepishana vibaya mlimani. Alimkokota mpaka uani, akafungua kila kilichofungika, akamwaga maji juu ya makaa. Kisha akakaa kwenye ngazi kando yake.

"Ungekufa kwa bupumbavu," alisema. "Na batu bangesema ni miye nilikuua."

Siku hiyo aliamua. Kama bwana yake anataka Beni, basi Beni italetwa sebuleni.

Walikwenda kwa Manassé, mwagizaji wa vyombo vya umeme aliyekuwa na duka refu lenye giza, lililojaa makatoni mpaka darini. Manassé alianza na redieta ndogo ya umeme. Godelive akauliza inakula umeme kiasi gani, Manassé akajikuna shingo, na redieta ikarudishwa mahali pake. Akaleta mashine ya magurudumu yenye bomba nene kama mkonga wa tembo.

"Hii hapana kutoboa kitu. Hii tuyau unaipitisha paka tu kwenye dirisha."

"Dirisha itakuwa wazi?" Omer aliuliza.

"Kidogo."

"Donc nifungue dirisha ju nipate joto. Ile akili ulinunua wapi?"

Ndipo Manassé akawapeleka nyuma, mbele ya mashine nyeupe yenye sehemu mbili. Moja hutundikwa ndani, juu ukutani. Nyingine, nzito, yenye feni kubwa, hukaa nje. Katikati yake ni mirija miwili ya shaba tu na waya, vinavyopita kwenye tundu moja la ukuta. Hakuna mifereji ya kupitisha hewa darini, hakuna kupasua plafond, ile dari ya ndani.

"Ya namna hii iko mbili," Manassé alieleza. "Ile ya kule inaomba fundi mwenye pompe, anyonye hewa kwenye mirija, kiisha atie gazi. Lakini hii, gazi iko tayari ndani, bamefunga. Unakaza paka hizi vichwa tu na ufunguo, basi. Mwenye nyumba anaweza kujitilia yeye mwenyewe."

Macho ya Omer yaling'aa kwa mara ya kwanza tangu astaafu. Fundi wa mwisho kuingia nyumba yao, fundi wa antena, alitoboa ukuta mahali patatu akitafuta mahali pa nne, na Omer alikuwa ameapa.

"Njo hii," alisema. "Mukuta yangu hapana mutu mwingine ataigusa. Na tunabeba ile kubwa kabisa."

"Ngoja," Godelive alisema. "Manassé, salon yetu ni mita tano kwa ine. Plafond iko. Madirisha iko mbili. Ile kubwa ni ya lazima?"

"Hapana, mama. Ikiwa kubwa kupita chumba, itawaka, itazima, itawaka, itazima, na joto haitatulia. Ikiwa kidogo sana, itatumika mchana mzima bila kufika. Beba hii ya katikati."

"Kama kupakia gunia moja ya maharagi kwenye lori ya tani kumi," Omer alikubali, maana sasa alikuwa ameelezwa kwa lugha yake.

Godelive hakuwa amemaliza. Aliuliza kama mashine itastahimili umeme unaoshuka na kupanda. Manassé akasema waiwekee waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, na kidude cha kutuliza umeme juu yake. Aliuliza kelele. Aliuliza vipuri. Mwishoni Manassé, akiwa anafuta jasho, akaongeza kama zawadi:

"Na siku jua ikikuwa kali, munafinya hapa. Inatoa baridi."

Omer alicheka mpaka akakohoa. "Baridi ya kununua! Butembo! Manassé, weye utauzia batu wa Lubero ukungu yao!"

Godelive hakucheka. Alichukua ile telekomande, rimoti ya mashine, akaigeuzageuza.

"Ni wapi ya kufinya?"

"Hapa. Kale kajua ni joto. Hii nyota ya bluu ni baridi."

"Aksanti," alisema Godelive, na akairudisha kwenye katoni kwa adabu.

Omer aliifunga mashine kwa muda wa siku nzima, akisaidiwa na rafiki yake Salomon, mfanyabiashara wa maharage. Manassé alikuwa amewaonya kwamba tundu la ukuta liiname kidogo kuelekea nje. Omer aliliinamisha kwa jicho, kama alivyokuwa akipima mzigo kwa jicho, na jicho lake siku ile liliona nje ni ndani. Mengine aliyafanya vizuri. Alikaza vichwa vya mirija bila kupinda shaba, akajaza saruji chini ya ile sehemu ya nje isitetemeke, akaliziba tundu. Waya wa umeme alimwachia mtu wa umeme, maana umeme ulishamrusha mara moja na hakuusahau.

Wakawasha. Mashine ikafungua mdomo, ikanyamaza.

"Imekufa," alisema Salomon.

"Inapasha moto injini," alisema Omer. "Weye haujuwe dizeli?"

Baada ya muda mfupi pumzi ya kwanza ikatoka, vuguvugu, kisha ya moto kabisa. Omer alisimama chini yake akiwa amefumba macho. Akavua blanketi. Akavua koti. Alipofika kwenye sweta Godelive aligeuka akaenda jikoni, kwa sababu machozi ya mume wake yalikuwa karibu na hakutaka kuyaona mbele ya Salomon.

Kama mambo yangeishia hapo, amani ingekuwepo. Lakini Salomon alikuwa ameonja. Kesho yake alikuja mapema, akaja na madereva wastaafu wawili, na hao nao wakaleta magoti yao. Sebule ikajaa wazee waliovua viatu. Walizima radio ya Godelive ili wasikilizane. Walikunywa chai yake. Salomon hakuwa mtu mbaya, ila hakujua njia ya kutokea katika hadithi alizoanzisha. Aliweza kukwama na gari huko Kirumba kutoka saa ya chai hadi saa ya chakula, na gari lisitoke topeni.

Godelive, binti wa Luofu, alirudi kutoka depo akaingia katika sebule yake mwenyewe kama anayeingia kwenye chungu. Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi. Wageni hawafukuzwi, alilelewa hivyo. Lakini hakuna aliyemfundisha kwamba wageni hawapoozwi.

Siku moja, akikusanya vikombe, aliinua pia telekomande iliyokuwa katikati ya vikombe. Jikoni alisikia Salomon akisema, "Njo tukakuta pont imevunjika..." Akachungulia mlangoni, akaelekeza telekomande kwenye mashine kutoka chini ya sinia, akafinya nyota ya bluu.

Haikuchukua muda mrefu. Dereva mmoja akatafuta viatu vyake kwa mguu. Mwingine akajikumbatia. Salomon akaendelea na daraja lake, lakini meno yakawa yanagongana katikati ya maneno.

"Omer, mashini yako inafanya nini?"

Omer aliinua kiganja. Uso wake ukawa wa mtu aliyesikia injini ikibadilisha sauti mlimani.

"Imechoka," alisema. "Batu ni mingi. Inabeba joto ya kila mutu."

Waliaga mmoja mmoja. Mlango ulipofungwa Godelive aliingia, akaweka telekomande mezani na kufinya kajua. Joto likarudi kidogo kidogo, na Omer akapata uthibitisho wa hoja yake. Tangu hapo alikuwa anawaeleza majirani kwa uzito kwamba mashine hizi ni kama magari: zina tani zake, na ukizidisha abiria zinagoma. Godelive alisikiliza akitikisa kichwa, akauma ndani ya shavu ili asicheke. Alirudia mchezo ule kila hadithi ya Salomon ilipofika darajani.

Kisha akaja Koko Thérèse. Barabara ya Beni ilikuwa imetulia kidogo, akapanda taksi ya asubuhi, akashuka na jogoo, mananasi na rozari yake. Omer alimpokea kama askofu. Alimkalisha kwenye kiti kikubwa, chini kabisa ya mashine, akapandisha joto.

"Unasikia, Mama? Ni Beni! Unasikia?"

"Nasikia, mwana yangu," alisema Koko Thérèse, na akaanza kujipepea na kitambaa.

Godelive aliogopa kuendelea na mchezo mbele ya mama mkwe. Kumpooza Salomon ni jambo moja. Kumpooza mama aliyemzaa bwana yako ni dhambi ambayo padri atauliza maswali juu yake. Kwa hiyo alivumilia. Lakini Salomon alikuja kumsalimia Koko, na wale madereva wakaja kumsalimia Koko, na salamu zikageuka vikao vya kila siku. Alasiri moja Koko alikuwa katikati ya rozari na Salomon katikati ya Kirumba, wote wawili kwa sauti. Godelive akashindwa. Akafinya nyota, na kwa kuwa alikuwa na hasira, akashusha mpaka mwisho.

Wazee walitoka kama kuku walioona mwewe. Koko Thérèse hakusogea. Aliacha kujipepea, akavuta pumzi ndefu, akaendelea na Salamu Maria. Na kwa kuwa hakutetemeka, Godelive alijidanganya kwamba hasikii, akaiacha mashine itoe baridi kwa muda mrefu kuliko siku zote. Akazoea. Alasiri ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, tone la maji likadondoka juu ya kitambaa cha kichwa cha Koko. Kisha lingine. Kisha maji yakaanza kuteremka ukutani, mstari mrefu, mpaka nyuma ya kiti.

"Omer," Koko aliita, "mashini yako inanibatiza."

Omer alikuja mbio, akatazama maji, akatazama mashine. Akampigia Manassé simu akiwa ameweka sauti juu ili wote wasikie mashine ya duka lake inavyoaibisha watu.

"Manassé! Mashini inatoka maji ndani ya nyumba!"

"Ndani?" sauti ya Manassé ilisema. "Mzee, ukitia joto, maji inatokaka inje. Ya ndani inakuya paka tu wakati inatia baridi. Nani anatia baridi kwenu?"

Godelive alikuwa mlangoni na sinia mkononi.

"Na hata ikitia baridi," Manassé aliendelea, "maji inapaswa kuteremuka kwenye shimo, kwenda inje. Ile shimo uliinamisha upande gani?"

Omer alikohoa. "Allô? Allô? Simu inakatika," alisema, na akaikata yeye mwenyewe. Kisha akageuka. Hakuwa mtu wa hasira, lakini alikuwa ametangaza nadharia ya tani na abiria mpaka mtaa wa pili.

"Nani anatia baridi ndani ya nyumba yangu?"

Godelive alifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, Koko Thérèse aliinua rozari yake kama mtu anayeomba zamu ya kusema.

"Ni miye."

"Mama! Weye hata radio haujuwe kuwasha!"

"Nani alikuambia? Ulikuwa unaniwashia, miye nakuacha ufurahi."

Omer alitoka nje kulitazama tundu lake, na alikaa huko muda mrefu.

Jikoni, Godelive alikuwa anachambua lenga-lenga bila kuona anachochambua. Koko aliingia, akavuta kiti kidogo, akachukua fungu lake la mboga.

"Mama, unisamehe," alisema Godelive. "Ni miye."

"Najua. Nilikuona siku ya kwanza, na sinia yako. Unaficha vibaya."

"Na ju ya nini ulinitetea?"

Koko Thérèse alivunja bua moja, akavunja la pili.

"Binti yangu, mabati ya Beni inatupika. Alasiri miye nakaa chini ya muti ya avoka kama mbuzi. Nikasema niende Butembo, nipate ile baridi yenu, nilale vizuri hata kidogo. Nafika. Mwana yangu amefunga madirisha, ameleta Beni ndani ya nyumba, na ananikalisha chini yake ju ananipenda sana. Ningesema nini? Omer analiaka machozi mbio." Akatikisa kichwa. "Ile alasiri ulifinya kitu yako, nikasema Mungu amesikia rozari."

Walicheka mpaka mboga zikaanguka chini. Walipomaliza, Koko alifuta macho kwa ncha ya kitenge na sura yake ikawa ya biashara.

"Sasa. Miye nimebeba zambi yako mbele ya mutoto yangu. Mutaninunulia yangu. Ya baridi. Mpaka ile siku, niko hapa, kwenye kiti."

Godelive alimwambia Omer usiku huohuo kwamba mama yake anateswa na joto. Omer hakuelewa mara moja, kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba joto linaweza kumtesa mtu. Alipoelewa, alilia kweli, kidogo, akasema kesho wanaenda dukani.

Safari hii aliyechagua ni Koko Thérèse. Manassé alimweleza kwanza kuwa chumba chake kiwekwe plafond, maana bati tupu litameza baridi yote kabla haijamfikia. Akakubali. Chumba ni kidogo kuliko sebule ya Butembo, lakini kinapigwa na jua, kwa hiyo ukubwa uwe uleule. Akakubali. Rangi hakujali. Alichotaka ni kuzisikia. Manassé akawasha mashine tatu mfululizo, feni tu, na bibi akasimama mbele ya kila moja, amefumba macho.

"Hii hapana," alisema mbele ya ya pili. "Inasema kama Salomon."

Akabeba ya tatu. Omer alipakia makatoni, triplex, yaani mbao nyembamba za dari, na vyombo vyake juu ya gari dogo, akampeleka mama yake Beni. Huko alifanya kazi kwa uangalifu ambao Butembo hakuufanya. Kabla ya kutundika chochote alimimina kikombe cha maji kwenye tundu, akatoka mbio nje kuona kama yanatokea. Yalitokea, yakamlowesha viatu, akafurahi mno.

Godelive alibaki peke yake. Alifungua madirisha yote mawili. Ukungu ukaingia, ukapita juu ya viti, na hakuna aliyepiga kelele. Aliwasha radio yake. Alikula fufu amekaa katikati ya sebule tupu, miguu juu ya meza, na akajiambia kwamba hii ndiyo raha. Siku iliyofuata alijiambia tena. Halafu akajikuta anasikiliza mlango. Omer alikuwa amesema atarudi mara mashine ikishawaka, nayo ilikuwa imewaka zamani. Alipompigia simu, alimjibu kwa sauti ya mtu aliyelala juani.

"Magoti inapona, Mama Bénite. Ngoja kidogo."

Godelive alisema sawa, akakata simu, akafunga dirisha moja.

Wiki ikageuka. Ndipo Koko Thérèse akapiga mwenyewe.

"Godelive, kuya ubebe bwana yako, ao miye namutuma na taksi."

"Amefanya nini, Mama?"

"Anaota jua inje, kiisha anaingia ndani, anasikia baridi, anafungua mulango. Namwambia afunge. Anafunga. Anatoka, anarudia, anafungua. Baridi yangu yote inaenda kwa majirani. Miye ni mutu muzee, sitaki kugombana na mutoto ya miaka makumi sita."

"Mutume," alisema Godelive, na moyo wake ukaruka kama wa msichana, jambo lililomkasirisha.

Omer alishuka jioni, kabla giza halijaingia, na nanasi chini ya kwapa na begi begani, uso umebabuka kwa jua. Alikuwa amevaa koti tayari, anajikunja, anajiandaa kwa baridi. Alisukuma mlango akasimama. Sebule ilikuwa ya moto kama mkate. Kiti chake kilikuwa kimegeuzwa kuelekea mashine. Mkewe alikuwa kwenye kiti cha kando, jasho linamtiririka shingoni, mikono ya blauzi imekunjwa mpaka mabegani.

"Funga mulango," alisema Godelive. "Unaingiza Butembo."

Omer alifunga. Aliweka nanasi mezani, akavua koti, akakaa. Akamtazama mkewe anavyojipepea na kipande cha katoni.

"Unasikia vibaya," alisema mwishowe.

"Nasikia vibaya sana."

Alitafuta telekomande mfukoni mwa kiti, akaivaa miwani yake, akashusha joto hatua moja. Akafikiri. Akashusha nyingine, kisha akanyoosha mkono akachukua blanketi la wageni na kujifunika magoti.

"Kata ile nanasi," alisema. "Nitakuambia vile Mama alinifukuza."